Mtandao ukikatika, nani wa kwanza kujua? Wanafunzi wanaotengeneza mlinzi wa kompyuta, na kwa nini jambo hili linakuhusu

Usiku mmoja mwaka jana redio yetu ilinyamaza. Saa kumi alfajiri kompyuta inayorusha vipindi vya usiku iliganda, na kuanzia hapo masafa yetu yakabaki na ukimya mtupu. Umeme ulikuwepo, mtambo ulikuwa unawaka, mnara ulikuwa mzima. Mlinzi wa getini alikuwa macho, lakini yeye alikuwa analinda geti.

Aliyetuamsha ni mama mmoja anayepika maandazi, ambaye kila siku huwasha redio kabla ya kuwasha jiko. Alipiga simu ya studio, haikupokelewa. Akamtafuta mtangazaji anayemfahamu, akamwambia: "Mwanangu, huko kwenu kuna msiba? Mbona kimya?" Hapo ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini.

Fundi mitambo alipofika alikuta chanzo chake ni kidogo mno. Diski ya kompyuta ilikuwa imejaa. Rekodi za miezi mingi zilikuwa zimerundikana hadi kompyuta ikakosa nafasi ya kuandika hata mstari mmoja. Diski haijai kwa usiku mmoja. Ilikuwa ikijaa kidogo kidogo, na kiasi cha nafasi iliyobaki kilikuwa kinaonekana kwa yeyote ambaye angefungua na kutazama. Hakuna aliyetazama. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini lazima awepo wa kuangalia juu.

Miezi michache baadaye tulipokea wanafunzi watatu wa kompyuta waliokuja kwa mafunzo kwa vitendo. Walipokisikia kisa kile waliomba wakifanye kuwa mradi wao. Leo tuna programu ndogo inayozilinda kompyuta zetu na kututumia ujumbe wa simu kukiwa na shida. Wiki chache zijazo vijana hao wanarudi chuoni, na hapo ndipo linapokuja swali lililonifanya niandike makala hii: wakiondoka, nani atabaki na mlinzi huyu?

Swali hilo linakuhusu wewe msikilizaji, hata kama hujawahi kugusa kompyuta. Umeme unaununua kwa tarakimu za LUKU. Fedha unatoa kwa wakala. Ada na ushuru unalipa kwa namba ya malipo. Nyuma ya kila kimoja kuna kompyuta mahali fulani, na ama kuna mtu anayeiangalia au hakuna.

Kazi yenyewe ni ipi?

Mfikirie muuguzi wa zamu wodini. Kila baada ya muda anapita kitandani, anapima joto, anahesabu mapigo ya moyo, anaandika kwenye faili. Matibabu makubwa si kazi yake. Kazi yake ni kujua lini hali imebadilika na kumwita daktari mapema.

Programu ya kufuatilia kompyuta hufanya vivyo hivyo, kwa hatua nne. Kwanza inauliza. Kila baada ya dakika moja au tano inaiuliza kompyuta: upo? Diski imebaki na nafasi kiasi gani? Kichakataji kina kazi nyingi kiasi gani? Joto limefika wapi? Mtandao unapita? Pili inaandika majibu yote pamoja na saa yalipopatikana. Tatu inalinganisha majibu hayo na kiwango kilichowekwa, kwa mfano diski isivuke asilimia 85. Nne, kiwango kikivukwa, inamwita mtu.

Hatua ya pili ndiyo wengi huidharau. Namba moja peke yake haisemi mengi. Ukijua kwamba diski imejaa kwa asilimia 70 leo, hujui kama una shida. Ukijua kwamba mwezi uliopita ilikuwa asilimia 60, na mwezi wa kabla yake asilimia 50, unaweza kuhesabu kwa vidole kwamba umebakiwa na miezi mitatu. Mkulima anayeandika mvua zake kila msimu analielewa hili vizuri kuliko ofisi nyingi.

Ilianza na soda ya moto

Wanafunzi kutengeneza vyombo vya namna hii si jambo geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, Marekani, idara ya sayansi ya kompyuta ilikuwa na mashine ya kuuza soda. Ofisi za baadhi ya wanafunzi wa shahada za juu zilikuwa mbali nayo. Mtu alitembea mpaka pale, akakuta mashine tupu. Au alilipa fedha yake, ikatoka chupa ya moto iliyopakiwa muda mfupi uliopita.

Mwanafunzi mmoja, David Nichols, pamoja na wenzake, waliiunganisha mashine ile na kompyuta kuu ya idara. Wakaandika programu iliyofuatilia kila safu ya chupa: ipi tupu, ipi ina soda, na chupa zimekaa humo muda gani. Chupa ikifikisha saa tatu ndani ya mashine ilihesabiwa kuwa ya baridi. Kabla ya kuinuka kitini mtu aliuliza kompyuta, akajibiwa. Na kwa kuwa kompyuta ile ilikuwa kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti ya leo, hata mtu wa mbali aliyeunganishwa aliweza kujua hali ya soda za Pittsburgh.

Unaweza kucheka, lakini angalia kilichomo ndani ya hadithi hiyo. Waliotengeneza chombo ndio walioumizwa na tatizo. Hawakusubiri kampuni. Na hawakupima kila kitu. Walipima mambo mawili tu waliyoyahitaji, kuna soda au hakuna, na ni ya baridi au ya moto.

Miaka ya katikati ya 1990, kijana mhandisi kutoka Uswisi, Tobias Oetiker, alikuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha De Montfort nchini Uingereza. Chuo kizima kilitoka nje kwa laini moja ya kilobiti 64 kwa sekunde. Leo simu ya kawaida yenye 3G hupata zaidi ya hiyo. Kila mtu alitaka kujua laini imelemewa kiasi gani, naye akatengeneza programu iliyochora grafu na kuiweka kwenye ukurasa wa wavuti kila mara. Aliitoa bure mwaka 1995, ikaitwa MRTG, na mafundi wa mitandao wa nchi nyingi wakaichukua.

Kisha mwaka 2001, Ian Berry wa Marekani alianzisha programu iitwayo Cacti. Wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari, huku akifanya kazi katika kampuni ndogo ya kuuza huduma ya intaneti. Cacti ilichora grafu za hali ya mitandao na seva, na ilijengwa juu ya kazi nyingine ya Oetiker, RRDtool. Hadi leo inatumika. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kazi ya wanafunzi ni ya kuchezea tu, una mfano wa kumpa.

Mlinzi asilale ndani ya nyumba anayoilinda

Wanafunzi wetu walijifunza somo kubwa wiki ya kwanza. Waliiweka programu ya ulinzi kwenye kompyuta ileile ya kurushia matangazo. Siku ya tatu umeme ulikatika na betri ikaisha. Kompyuta ikazima, na mlinzi akazima nayo. Hakuna ujumbe uliotumwa, maana wa kutuma alikuwa amekufa.

Kwa mazingira yetu hili ndilo jambo la kwanza la kufikiria. Vyombo vingi vya namna hii vimetengenezwa na watu ambao umeme wao haukatiki mara kwa mara na mtandao wao haupotei mvua ikinyesha. Huku kwetu mlinzi lazima akae pengine: kwenye kompyuta nyingine, yenye umeme wake, hata ikiwa ni ndogo ya kutumia sola.

Na hapo kuna ujanja mmoja wa zamani. Badala ya kusubiri kompyuta iseme "naumwa", unaitaka iseme "nipo" kila dakika chache. Ikikaa kimya kupita muda uliokubaliwa, ukimya huo ndio kengele. Mafundi huuita mpigo wa moyo. Mama wa maandazi alifanya hivyo bila kufundishwa na mtu. Alizoea kutusikia saa fulani. Asipotusikia, anajua kuna jambo.

Vijana wakarekebisha. Sasa kompyuta ndogo iliyopo chumba kingine, yenye redio ya kawaida iliyochomekwa waya, inasikiliza masafa yetu kama wewe unavyosikiliza. Ukimya ukizidi sekunde 40, simu za watu wawili zinapata ujumbe mfupi. Walichagua ujumbe mfupi badala ya WhatsApp kwa sababu ujumbe mfupi hauhitaji bando, na unafika hata kwenye simu ya kitochi.

Mlinzi anayepiga kelele kila saa

Kulikuwa na tatizo la pili. Mwanzoni waliweka kengele kwa kila kitu. Joto likipanda kidogo, ujumbe. Mtandao ukiyumba sekunde mbili, ujumbe. Usiku mmoja fundi wetu alipokea jumbe 31. Usiku wa pili alizima simu.

Mbwa akibweka kila jani linapoanguka, siku mwizi anakuja mwenye nyumba anavuta shuka. Kila ujumbe unaotumwa lazima uwe na mtu wa kuupokea, na huyo mtu awe na jambo la kufanya. Kama hakuna la kufanya, usimwamshe. Liandike kwenye daftari, atalisoma asubuhi. Walipunguza kengele hadi tano: ukimya hewani, umeme kukatika, betri kushuka, diski kuzidi asilimia 85, na intaneti kukosekana kwa zaidi ya dakika kumi. Tangu hapo fundi anazisoma.

Mlinzi mwenye funguo zote

Upo upande ambao wanafunzi hawapendi sana kuuzungumzia. Programu ya ulinzi, ili ione kila kitu, hupewa ruhusa kubwa. Ni sawa na kumpa mlinzi funguo za vyumba vyote. Siku akikosea, anakosea nyumba nzima.

Tarehe 19 Julai 2024 dunia iliona hilo. Kampuni ya Marekani ya CrowdStrike, ambayo programu yake hukaa ndani ya kompyuta za wateja ikifuatilia dalili za uvamizi, ilituma masasisho yenye kasoro. Yalitoka saa moja na dakika 9 asubuhi kwa saa zetu, na kampuni ikayaondoa baada ya dakika 78. Lakini kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows zilikuwa zimekwishaanguka. Viwanja vya ndege vilijaa abiria waliokwama, hospitali na benki zikahangaika. Haukuwa uvamizi. Ni mlinzi aliyemwangusha mwenye nyumba.

Cacti nayo, ile iliyoanzishwa na mwanafunzi wa sekondari, mwishoni mwa mwaka 2022 ilibainika kuwa na upenyo hatari: mtu wa nje aliweza kuiamuru seva bila hata kuwa na neno la siri. Watunzaji wake walitoa marekebisho, lakini seva ambazo hazikusasishwa zilishambuliwa. Chombo kilichosahaulika kikaacha kulinda na kuwa mlango wa nyuma.

Kwetu Tanzania kuna sheria mbili ambazo timu yoyote ya wanafunzi inapaswa kuzifahamu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, hata kama nia yako ni njema. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za watu zikusanywe kwa sababu maalumu na zilindwe. Kupima kama seva ya zahanati inawaka ni jambo moja. Kusoma majina ya wagonjwa yaliyomo ni jambo jingine kabisa. Chombo kizuri kinahesabu chupa bila kuuliza nani amekunywa.

Kinachotugusa huku vijijini

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Intaneti ikayumba katika nchi nyingi za ukanda huu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Waliotoa taarifa za mwanzo kwa umma walikuwemo NetBlocks na Cloudflare, watu walioko mbali ambao vyombo vyao hupima mtandao wa dunia saa zote. Huku kwetu kijijini mtu alisimama mbele ya wakala akiambiwa "mtandao unasumbua", asijue kama tatizo ni simu yake, wakala, mnara au bahari.

Na Mei 2021 wateja wa LUKU walihangaika kwa siku kadhaa kununua umeme kutokana na hitilafu ya mfumo. Wenye friji za samaki na mashine za kusaga wanaikumbuka.

Tofauti kati ya kujua na kutojua ni fedha na wakati. Mgonjwa akiambiwa mfumo wa malipo hospitalini haufanyi kazi tangu asubuhi, hapandi bodaboda ya shilingi elfu kumi kwenda kurudishwa. Mkulima akijua mfumo wa ruzuku umelala, hafungi duka lake kwenda kukaa kwenye foleni. Lakini ili uambiwe, lazima mwenye mfumo awe amejua kwanza, na mara nyingi anajulishwa na wewe unayelalamika. Hiyo ina maana kwamba gharama ya kugundua hitilafu anailipa mwananchi.

Ndiyo maana naona kazi ya wanafunzi hawa ina thamani kuliko maksi watakazopewa. Halmashauri, zahanati, shule, vyama vya ushirika na redio ndogo kama yetu haziwezi kununua mifumo ya mamilioni. Zinaweza kutumia programu za bure zilizopo, kompyuta moja ndogo, na vijana wawili watatu wanaojua kuziunganisha.

Mradi ukipewa maksi, unakwenda wapi?

Hapa ndipo penye tatizo letu. Mradi wa chuo una tarehe ya mwisho. Siku ya kuuwasilisha unafanya kazi vizuri, walimu wanapiga makofi, maksi zinaandikwa. Baada ya hapo mwanafunzi anatafuta ajira, na programu inabaki kwenye kompyuta ya mtu. Neno la siri analijua yeye peke yake. Akibadilisha namba ya simu, ndiyo basi.

Cacti na MRTG hazikuishi miaka yote hii kwa sababu waanzilishi wake walikuwa na akili kuliko vijana wetu. Ziliishi kwa sababu ziliachwa wazi, mtu mwingine akaweza kuzisoma, kuzirekebisha na kuziendeleza. Oetiker mwenyewe alipata msaada wa Dave Rand, mtu aliyeipenda kazi yake akaandika upya sehemu iliyokuwa inakwenda polepole.

Kwa hiyo, kama wewe ni mzazi wa mwanafunzi, mjumbe wa bodi ya shule, kiongozi wa chama cha ushirika, au mganga mfawidhi ambaye vijana wamekuja kwako na wazo la namna hii, wakaribishe. Kisha waulize maswali haya matano kabla hujawapa ruhusa:

1. Umeme na mtandao vikikatika kwa pamoja, nitajuaje?
2. Ujumbe utamfikia nani, na yeye afanye nini?
3. Programu yenu inaona nini, na ni nini ambacho haitakiwi kukiona?
4. Nani wa pili anayejua neno la siri?
5. Mkiondoka, nani atasasisha?

Wakiyajibu manne na kukwama kwenye la tano, wasikate tamaa wala wewe usiwafukuze. Swali la tano si lao peke yao. Ni la taasisi. Kumpa mtumishi mmoja nusu siku kwa mwezi ya kutunza chombo hicho ni gharama ndogo kuliko asubuhi moja ya foleni iliyosimama.

Sisi tumefikia wapi

Wiki iliyopita tulikaa kikao na vijana wetu watatu. Wameandika maelezo ya kurasa nne kwa Kiswahili, kila hatua na picha yake. Fundi mitambo amefundishwa, na binti wa mapokezi pia, ambaye ameonyesha kuelewa haraka kuliko sisi wote. Maneno ya siri yamewekwa kwenye bahasha ndani ya kabati la meneja. Meneja amekubali kulipia jumbe za simu kila mwezi. Alisita kidogo, mpaka tulipomkumbusha tangazo la biashara lililopotea alfajiri ile na mteja aliyedai fedha yake.

Mlinzi huyu mpya ametuita mara tatu hadi sasa. Mara mbili kulikuwa na shida kweli, tukaiwahi kabla hamjaisikia. Mara ya tatu ilikuwa mimi mwenyewe: nilikuwa nimesoma tanzia ya mzee mmoja wa hapa kwetu, nikanyamaza kwa heshima, na ukimya ukapita sekunde 40. Simu ya fundi ikalia.

Mama wa maandazi naye bado tunaye. Tulimpigia kumshukuru na kumweleza kwamba sasa tuna chombo. Akauliza swali moja tu: "Na chombo hicho kikilala je?" Tulimjibu kwamba namba yake imo kwenye ile bahasha.